Wimbo wa Sabuni, na Nilichoandika Kabla Haujaimbwa

Adela mwanangu,

Mama yako ameshakuandikia karatasi mbili za maagizo, mbele na nyuma, na ya tatu naiona juu ya friji imeanza kujaa. Dawa za malaria zimo. Chandarua kimo. Shangazi yupi umwamkie kwanza uwanja wa ndege ili mwingine asinune, nalo limo. Kwa hiyo mimi sina la kukuelekeza, na nashukuru. Mmetoka wawili kwenda Ladypool Road kutafuta sanduku la safari yako ya kesho ya Dar es Salaam, kwenye kazi yako mpya ya gazeti, na kwa jinsi ninavyomjua mama yako, ambaye hanunui kitu mpaka azunguke maduka sita, nina mchana mzima wa kukaa hapa jikoni peke yangu. Nimezima redio. Sikumbuki mara ya mwisho kushika kalamu kwa jambo lisilokuwa fomu ilikuwa lini.

Nataka tuongee habari ya Jumanne.

Jumanne ulikuwa umeegemea mlango wa jikoni hapa, simu mkononi, unacheka. Ulisema, "Baba, come and see this. Mhariri wangu wa Dar ame-text. Tamasha la kwaya ni Jumamosi yangu ya kwanza, lakini review anaitaka Alhamisi. Alhamisi! Like, kabla hata hawajaimba!" Mama yako akacheka pia, akasema labda kakosea siku. Ukamwandikia kuuliza. Akajibu upesi kwamba hakukosea: wadhamini wa tamasha wanapenda kuuona ukurasa mapema, mgeni rasmi ni mtu mzito, na orodha ya nyimbo utatumiwa, kwa hiyo haitakuwa kazi ngumu kwa mwandishi mpya. Ukafikiri kidogo, ukasema, "I suppose nitaandika kitu general, halafu niongeze details baadaye." Mimi nikainuka nikaenda kuosha kikombe kilichokuwa kisafi. Ukaniuliza, "Baba, what?" Nikasema hakuna kitu.

Kipo kitu. Nilikuwa nasikia maneno yangu mwenyewe ya zaidi ya miaka arobaini iliyopita, yanatoka kinywani mwa binti yangu, tena kwa Kiingereza cha Birmingham.

Unajua kwamba baba yako alikuwa mwandishi wa gazeti kule nyumbani kabla ya kuwa dereva wa basi hapa. Umezoea kunitania kwa hilo, ukiniona nasahihisha tangazo la kanisa kwa kalamu nyekundu unasema, "The editor is in." Lakini hujui nilikuwa naandika nini, wala kwa nini niliacha. Tulikuambia gazeti lilifungwa. Halikufungwa. Niliacha mwenyewe, kwa aibu, na hata mama yako kisa hiki anakijua nusu tu.

Enzi hizo nchi ilikuwa na Chama kimoja, na kila chenye sauti kilikuwa cha Chama: redio, gazeti, ngoma, kwaya. Kila kiwanda kilikuwa na kwaya yake, kila shule, hata hospitali, na kazi ya kwaya ilikuwa kuwaeleza wananchi siasa ya Ujamaa kwa sauti nne. Usinielewe vibaya, mimi niliamini. Bibi yako, ambaye umepewa jina lake, alijifunza kusoma akiwa na miaka hamsini, katika darasa la elimu ya watu wazima lililoletwa na siasa hiyo hiyo, na nitakuwa mwongo wa mara ya pili nikikuambia hakuna jema lililotoka humo. Alisoma kwa kidole, neno moja moja, kwa sauti. Kitu alichopenda kusoma kuliko vyote ni safu yangu ya muziki katika gazeti la Jumapili la mkoa wetu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilijiona mtu.

Sasa sikiliza utaratibu wetu. Gazeti lilitoka Jumapili. Ukurasa wa utamaduni ulipaswa kufika ofisi ya Chama siku ya Alhamisi, usomwe, upigwe mhuri, ndipo uende mtamboni. Mashindano ya kwaya yalikuwa Jumamosi. Kwa hiyo tuliandika kabla. Hakuna aliyesema ni uongo, tuliita "kuwahi ukurasa." Ulikwenda mazoezini Jumanne au Jumatano, ukasikiliza mawili matatu, ukachukua orodha ya nyimbo, kisha ukaandika kana kwamba Jumamosi imeshapita: ukumbi ulifurika, mgeni rasmi alifurahi, kwaya ilitia fora. Nilikuwa fundi wa kazi hiyo. Safari moja nilisifu kwaya ya shule fulani kwamba iliutikisa ukumbi, kumbe lori lao lilikwama matopeni tangu asubuhi na hawakufika kabisa. Hakuna aliyelalamika. Mwalimu wao aliikata ile habari akaibandika ofisini, na mwaka uliofuata akanionyesha kwa fahari. Sisi waandishi tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Mji wetu ulizungukwa na mashamba ya katani, na palikuwa na kiwanda cha magunia. Humo alifanya kazi mama mmoja aliyeitwa Leokadia. Mchana alisimamia mitambo ya kufuma, jioni alifundisha kwaya nyuma ya ghala. Alikuwa mfupi, mnene, sauti yake ya kuongea imekwaruzwa na vumbi la katani, lakini sikio lake Mungu alilitengeneza bila haraka. Karatasi hazikuwepo, basi aliandika noti ubaoni kwa chaki, do na mi na so, mistari minne kwa sauti nne, na wanakwaya hawakuruhusiwa kugusa neno hata moja mpaka waimbe noti zote kwa majina yake bila kukosea. Ungepita pale jioni ungesikia so so mi, la so mi re, mpaka walinzi wa getini wamezishika. Maneno yalikuja mwisho kabisa. Nilimuuliza kwa nini anawatesa watu hivyo.

"Maneno yanakuja na kuondoka, ndugu mwandishi," akasema. "Leo wanataka hili, kesho wanataka lile. Noti ukishaishika ni yako."

Mwaka huo vitu vilikuwa vimeadimika. Sabuni iligawiwa katika duka la ushirika, na watu walipanga foleni kabla hakujapambazuka. Kila kwaya ilitakiwa kuimba nyimbo mbili mashindanoni, mmoja wa Chama na mmoja wa kujichagulia. Wa kujichagulia, Leokadia alitunga huu:

*Nimesimama tangu jogoo la kwanza,*
*mbele yangu watu watatu tu;*
*sabuni imetoka kwa mlango wa nyuma,*
*imewafuata wasiojua foleni.*

Palikuwa na beti nyingine mbili za namna hiyo. Hakumtukana mtu, hakutaja jina. Lakini mji mzima ulijua kwamba mlango wa nyuma wa duka lile ulitazamana na nyumba ya Katibu wa Chama.

Niliusikia mazoezini Jumatano. Nilisimama nyuma ya ghala machozi yananilenga, na hayakuwa machozi ya siasa. Ni ile besi. Sauti nyingine zilipanda na kushuka na kusimulia, lakini besi walirudia "nimesimama, nimesimama" kwa noti moja, chini kabisa, bila kusogea. Nikakimbia nyumbani nikaandika tahakiki bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Nikanukuu beti zote tatu. Nikaeleza kwamba besi ile ndiyo foleni yenyewe, na kwamba anayeisikiliza miguu itamuuma. Nikaongeza, kama kawaida yetu, kwamba ukumbi wote uliitikia. Alhamisi asubuhi nikaipeleka ofisi ya Chama, nikaikabidhi kwa mikono miwili.

Umeona nilichofanya? Mimi sikuona. Niliuchukua wimbo nikaupeleka kwa mtu ambaye wimbo ulimhusu, siku mbili kabla haujaimbwa, tena nikamwekea na maelezo asije akakosa kuelewa. Hakuna mpelelezi ambaye angefanya kazi safi namna ile. Na mimi nilifanya kwa mapenzi. Niliupenda wimbo, na niliipenda zaidi sentensi yangu kuhusu besi.

Ijumaa Katibu akaniita. Nilikwenda nikitarajia kukaripiwa, lakini alinipokea kama mkwe. "Karibu kijana, kaa, kaa." Ikaletwa chai, na sukari vijiko viwili, wakati kwetu sukari tulikuwa tumeisahau. Akasema nina sikio zuri sana na nchi inahitaji vijana wenye sikio. Kisha akagonga karatasi yangu kwa kidole, taratibu.

"Ila huu wimbo umeusikia vibaya. Wewe umesikia wananchi. Mimi nasikia watu waliochoka. Mwananchi anachoka?"

"Hapana, Mzee."

"Mama huyu tutaongea naye, maneno atabadilisha, hilo si lako. Lako ni ukurasa. Isije ikaonekana gazeti letu linashangilia uchovu. Au unaonaje?"

Aliniuliza ninaonaje, Adela. Akanisogezea kalamu yake. Nilipokuwa naishika akasema, kama mtu aliyekumbuka tu, kwamba kuna nafasi ya masomo ya uandishi Dar es Salaam na jina langu limetajwa. Miaka yote hii nimejaribu kukumbuka kitisho, hata kimoja, ili nijitetee nacho. Sikipati. Hakunitisha hata kidogo.

Niliandika pale pale mezani kwake. Niliandika kwamba kwaya ya kiwanda cha magunia haikujiandaa, kwamba sauti zilipishana, kwamba wimbo wao wa pili haukueleweka na ukumbi ulibaki kimya. Hayo ya kimya alinishauri yeye, na mimi nikaona yanamalizia aya vizuri. Akapiga mhuri. Nikamaliza chai.

Jumamosi nilikwenda ukumbini, nikasimama mlangoni. Bibi yako alikuwa ndani, benchi la nne, pamoja na majirani. Katibu alikaa mbele. Leokadia alikuwa ameshaitwa jana yake jioni akapewa maneno mapya yaliyoandikwa ofisini, ya kuongeza uzalishaji. Kwaya ikapanda jukwaani, ikaimba wimbo wa Chama, vizuri sana, ikapigiwa makofi. Kisha Leokadia akawageukia watu.

"Ndugu wananchi," akasema kwa ile sauti yake ya vumbi, "maneno ya wimbo wetu wa pili yamebadilishwa jana jioni. Kwaya yangu haina kawaida ya kuimba maneno isiyojifunza. Mtatuwia radhi. Tutawaimbia noti."

Wakaimba noti. So so mi, la so mi re, sauti nne, nyuso zimetulia kama za watoto darasani. Besi mahali pa "nimesimama" wakaweka do, do, do, do, do. Hebu niambie ni Katibu gani duniani atakayemkamata mtu kwa kuimba do? Ubeti wa kwanza watu waliduwaa. Lakini nusu ya ukumbi ule ilikuwa ya wafanyakazi wa kiwandani, waliousikia mazoezini jioni zote zile, na wameshauimba majumbani wakiosha vyombo kwa majivu. Ubeti wa pili mama mmoja huko nyuma akaingiza maneno, polepole, kama anajiimbia mwenyewe. Likafuata benchi lake. Halafu ukumbi mzima. Kwaya inaimba do re mi, watu wanaimba sabuni, na wala hawakuvurugana, maana wote walikuwa na besi moja ya kushikilia. Nilimwona bibi yako shingo imemtoka mishipa. Katibu aliweka mikono juu ya magoti akatazama mbele.

Na mimi? Midomo yangu ilicheza. Sauti haikutoka.

Ngoja, bado sijamaliza aibu yangu. Wakati ule bado nilikuwa na nafasi. Mtambo wa kuchapa gazeti ulikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Ningeweza kwenda nikawaambia mafundi kwamba habari ile si kweli, waitoe, waache pengo jeupe. Mafundi wenyewe walikuwa rafiki zangu. Nilikwenda nyumbani nikalala mapema.

Jumapili baada ya misa bibi yako akakaa kwenye kigoda chake, akafungua gazeti, akaweka kidole. Alikwenda vizuri mpaka kwetu, yaani mpaka kwenye kwaya ya magunia. "U-kum-bi u-li-ba-ki ki-mya." Akarudi mwanzo wa mstari, akidhani amekosea. Akasoma tena, polepole zaidi. Kisha akaniangalia, wala si kwa hasira, alitaka kuelewa tu.

"Baba," aliniita hivyo siku zote, "hii ni habari ya mji gani?"

Akasogeza gazeti karibu na macho, akalisogeza mbali, akafuta macho kwa upindo wa kanga, akajaribu mara ya tatu. Ndipo nikaelewa kwamba mama yangu anajilaumu yeye. Alidhani kusoma kwake ndiko kubovu. Mwanamke aliyengoja miaka hamsini kuzijua herufi, aliyekuwa ukumbini mwenyewe, aliyeimba mwenyewe, alikuwa tayari kuyakana masikio yake kwa sababu imeandikwa, na imeandikwa na mwanawe. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake na nilimwacha aamini hivyo. Hakunisamehe wala hakunikasirikia, maana sikuwahi kumwambia. Tangu siku ile hakulifungua tena gazeti.

Kwaya ya kiwanda ilisimamishwa kwa marekebisho, na hayo marekebisho hayakuisha. Leokadia alihamishiwa ghala la wilaya nyingine, kuhesabu magunia matupu, mbali na watu wake. Kwenye kikao kilichomhamisha, ushahidi uliosomwa ulikuwa ule wa kwangu: tazameni, hata mhakiki wetu anasema hawakujiandaa. Alifariki huko kabla sijapata ujasiri wa kumwandikia. Mimi nilipata yale masomo. Nikayaacha katikati, kwa sababu kila nilipoandika neno "ukumbi" nililikata. Ndiyo safari iliyonifikisha huku, kwanza kubeba mabox ghalani Nechells, kisha miaka ya usukani kwenye Stratford Road, ambako ukisema umefika kituoni, watu wanaona wenyewe kama umefika.

Sasa nije kwenye lile ambalo ni letu sisi wawili.

Ulikuwa na miaka kumi na sita. Diwani alikuja kanisani kwetu, na kwaya ikaacha nyimbo inazozijua ikaimba wa kumsifu mgeni, wenye noti wasizoziweza. Wewe ukaandika kwenye ukurasa wako mtandaoni kwamba waliimba vibaya na kwamba sababu ni kujipendekeza. Uliandika baada ya kusikia, ukiwa umekaa kiti cha tatu. Wazee wa kanisa wakatuita mimi na wewe. Unakumbuka yule mzee Mkenya, mwenyekiti? "Hii ni kukosa adabu, bwana. Mwambie a-delete hiyo kitu leo leo." Na unakumbuka Papa Floribert, Mkongomani wetu, ambaye ndiye aliyekuwa akiifundisha kwaya yenyewe, alivyoinua mikono? "Lakini mutoto anasema kweli! Tuliimba mubaya. Mubaya sana, voilà. Munataka tumufanye nini?" Mwalimu wa kwaya mwenyewe alikutetea. Mimi baba yako nikakuambia, "Futa."

Ulisema, "But it's true, Baba."

Nikasema, "Ukweli una wakati wake."

Sijui niliyatoa wapi maneno hayo. Au najua sana. Ulifuta, na ukakaa miaka miwili bila kuandika kitu, na nyumba nzima tukaita hiyo ni utulivu wa kukua. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha Katibu, Adela, na wala sikukupa hata chai. Nisamehe. Sikuombi kwa kuwa unaondoka, ila nilipaswa kuomba jioni ile ile, na nimechelewa miaka minane.

Turudi kwa mhariri wako. Huenda ni mtu mwema. Katibu naye nyumbani kwake alikuwa mwema, mtoto wake nilisoma naye. Utaambiwa zama zimebadilika, hakuna tena Chama kimoja, hawa ni wadhamini tu, ni biashara. Nakataa. Anayetaka kusoma habari za wimbo kabla haujaimbwa, awe wa zamani au wa leo, anataka jambo moja: wimbo usimshtue. Na wewe kazi yako yote ni kukaa pale ushtuke, kisha utuambie. Wakikunyang'anya hiyo, wamekuacha na nini? Na ile ya kuandika "general" halafu kuongeza baadaye, mwanangu, usinifanye nicheke. Mimi nilikuwa bingwa wa general. "Haikujiandaa" ni general. "Ukumbi ulibaki kimya" ni general tupu, na ndiyo iliyompeleka mama wa watu kuhesabu magunia.

Sikutumi ukawe shujaa. Shujaa alikuwa Leokadia, na hata yeye hakupiga kelele. Aliomba radhi kisha akaimba. Ninachojua ni kwamba siku hiyo haitakuja na sura ya kutisha. Ingekuwa na sura ya kutisha ungeikimbia, nakujua. Itakuja imekaa vizuri, imekusifia sikio lako, imekuuliza unaonaje. Hapo ndipo useme unavyoona, kwa sentensi fupi. "Nitaleta Jumapili asubuhi." Basi. Wakiikubali, umepata gazeti. Wakikufukuza, umefukuzwa na watu wasiohitaji mwandishi. Mama yako akisoma hapa atasema nakuharibia kazi kabla hujaianza, na atakuwa na haki ya kusema, maana yeye ndiye aliyepiga magoti kuomba uipate. Mimi bado nasema hivyo hivyo. Chumba chako hatupangishi. Ukirudi baada ya wiki mbili nitakuja kukupokea nikiwa nimevaa suti.

Jumatano nilifikiria kumwandikia mhariri mwenyewe, nimpashe. Nilifika mpaka kwenye salamu. Nikafuta, kwa sababu hapo ningekuwa nakuamulia tena. Lakini lipo lililo langu, na hilo nimelifanya leo, hapa mezani. Hii ni tahakiki ya mashindano yale, ya kwanza katika maisha yangu niliyoiandika baada ya kusikia. Haina mhuri. Ichapishe, ichane, iweke ndani ya kitabu, ni yako.

*Jumamosi, kwaya ya kiwanda cha magunia iliimba noti tupu, kwa sababu maneno ya wimbo wake yalichukuliwa siku moja kabla, baada ya mwandishi huyu kuyapeleka ofisini kwa mikono yake. Sauti ya kwanza ilipanda kidogo kupita kiasi katika ubeti wa pili, nadhani kwa woga, kisha ikarudi mahali pake. Besi haikusogea. Kwaya ilikuwa imejiandaa kuliko yoyote niliyoisikia kabla au baadaye. Watu waliimba wote. Mama Adela, wa benchi la nne, aliimba mpaka mwisho, na siku iliyofuata alisoma sawasawa kila neno. Mwandishi alikuwa mlangoni, alisikia kila kitu, na hakuimba.*

Nasikia ufunguo, na mama yako analalamika kuhusu magurudumu ya sanduku, kwa hiyo mmenunua. Nenda salama, mama yangu mdogo. Kaa katikati ya ukumbi, si mlangoni. Na Alhamisi wakikuuliza tahakiki iko wapi, waambie bado haijaimbwa.

Baba yako,
Gervas